Hesabu ya Kweli Kati Yako na Sandile

Kaka yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa Héritier,

Mpaka Jumatano iliyopita sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hili. Hata nikisali nilikuwa nalipita pembeni, kama Mungu hajui. Miaka minne niliyoandika kitabu cha alama cha timu yenu ya besiboli, nilikuwa nakupendelea. Hukuniomba. Hukujua. Ni mkono wangu tu.

Unakumbuka nilivyokipata kile kitabu. Tulikuwa wageni hapa Durban, mimi nimeanza shule kwa Kifaransa kule Bukavu, na hapa nikifungua mdomo kwa Kiingereza darasa zima linageuka. Jumamosi moja ukanivuta mpaka uwanjani nisibaki peke yangu kwenye flati, ukamwambia kocha, "Huyu mdogo wangu hasemi, lakini anaona kila kitu." Kocha akanipa penseli. Nilifurahi, maana kazi ile haikutaka maneno. Mtu akipiga mpira akafika beisi kwa nguvu zake, unaandika H, pigo safi la mpigaji. Akifika kwa sababu mdakaji ameuangusha mpira uliokuwa mikononi mwake, unaandika E, kosa la mdakaji, na mpigaji hapati sifa yoyote. Anayeamua ni mwandishi. Hakuna anayembishia.

Wewe ulikuwa unaona mchezo, yaya. Mimi nilikuwa namwona Mama. Mama alikuwa amekubali ucheze besiboli badala ya kumsaidia salooni, kwa sharti kwamba usiende kupoteza muda tu. Tukirudi haulizi timu imeshinda au vipi. Ananiuliza mimi, kwa kuwa wewe unajisifu na mimi sisemi sana: leo alipiga ngapi? Nikisema sifuri, Jumamosi inayofuata uko salooni unafagia nywele.

Halafu ukaingia ule mwezi ambao hukupiga kitu. Ulirudi kwenye benchi na macho mekundu, ukasema ni vumbi. Zamu iliyofuata ukapiga mpira mwepesi kabisa, ukaenda moja kwa moja kwa mdakaji, ukamponyoka kwenye glavu. Wewe ukafika beisi, ukanitazama. Ilikuwa E. Hata mtoto angeona ni E. Nikaandika H.

Jioni Mama alipouliza nikasema moja, akakuwekea kipande kikubwa cha samaki. Nilidhani itaishia hapo.

Haikuishia. Unajua ule ubishi wenu na Sandile, mwenzako wa timu, kwenye taxi ya abiria wengi mkitoka kucheza Pinetown, nani kati yenu ana thamani zaidi kwa timu. Wewe ulikuwa unamwambia, mimi napeleka mpira mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, wewe unaacha mipira mibaya ipite mpaka wakupe beisi ya bure, unatembea tu. Na yeye anakujibu taratibu, akikuita kaka kwa Kizulu, "Kutembea pia ni kufika, bhuti." Taxi nzima inacheka, hata dereva. Lakini mwisho wake ulikuwa uleule kila safari: haya, tuulize kitabu. Mnanigeukia. Na mimi, kwa sauti ile yangu ya chini, nasoma, na wewe uko juu yake kidogo. Kidogo tu, lakini siku zote. Sandile alikuwa anatikisa kichwa na kusema sharp, yaani sawa. Halafu anatazama nje dirishani. Kocha naye akakuweka upige wa tatu, nafasi ya mpigaji bora, Sandile akamshusha wa sita.

Ukaenda Joburg. Nikafikiri mambo yamekwisha yenyewe.

Wiki mbili zilizopita Sandile alikuja kwenye benchi langu akaniuliza kama namjua mtoto anayehitaji glavu. Yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ameamua kuacha: miaka minne hajawahi kumpita Héritier hata msimu mmoja, kitabu kinasema, na kama hata hapa uwanjani kwetu yeye ni wa pili, atatafuta nini mbele? Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu vyote vinne. Nazikumbuka zote, yaya, H zile za uongo, kila moja na mahali ulipodondoka mpira. Ziko kumi na saba. Nikazifuta, nikaandika E, nikahesabu upya. Sandile amekupita misimu mitatu kati ya minne.

Jumatano nikampelekea. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa Kiingereza, yakapotea, nikamwonyesha kwa kidole tu. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nashindana na penseli yako." Akaenda kusimama kwenye uzio, mgongo kwangu. Eish, yaya. Niliona bora anitukane.

Aliporudi aliuliza kitu kimoja tu: na ule mpira wa Pinetown, ulioruka uzio, tukashinda? Nikamwambia ule ni wako kweli, sikuugusa. Akasema anajua, alikuwa beisi ya pili, ulipita juu ya kichwa chake na hajaona mpira mzuri kama ule. Halafu akachukua glavu yake akaenda mazoezini. Jumamosi alicheza. Kocha nilimwambia baadaye. Akasema kitabu nitaendelea nacho lakini pembeni yangu atakaa mtu wa pili. Ni haki.

Sasa wacha nikujibu ule ubishi wenu, maana sikuwahi kuujibu kwa kinywa changu. Kwa nguvu ya kupiga hakuna kama wewe. Nikifunga macho bado nasikia ule mlio wa pigo lako. Lakini Sandile alifika beisi mara nyingi kuliko wewe, aliiba beisi, akichomoka kabla mpira haujapigwa, ukiwa bado unajipangusa suruali, na mipira aliyodaka ingewapa wapinzani pointi ambazo hakuna mtu anayezihesabu. Nikiambiwa niunde timu kesho, namchagua Sandile kwanza. Wewe wa pili. Wewe ni yaya wangu, nakupenda, na bado wewe wa pili.

Utakasirika, najua. Labda hutapokea simu zangu wiki nzima. Lakini nilikuwa nakuona kama mtu anayehitaji kusaidiwa na penseli ya mtoto, na ule mpira wa Pinetown unaonyesha hukuhitaji. Hilo ndilo ninaloliombea msamaha kwako kuliko zile H.

Tangu Jumatano nalala vizuri. Jana darasani niliinua mkono. Jibu halikuwa sahihi, lakini niliinua.

Jitunze huko kwenye baridi, na ukipata uwanja, cheza. Nasikia Mama anapanda ngazi, viatu vyake vya salooni. Siku zote hizi karatasi hii nilikuwa naiingiza chini ya daftari la hesabu Mama asiione, maana naye nilimdanganya. Anafika mlangoni. Naiacha mezani, upande ulioandikwa juu, na kiti cha pili nimekivuta.

Anayekupenda,
mdogo wako