Mshale ulipopanda kwa mama

Wee mwenzangu, sikia ya leo.

Si dada aling'ang'ania mita ya umeme kwa mama inazunguka hata kila kitu kikizimwa? Basi nimekwenda na ammita yangu, kile kipimo cha mshale cha kupimia mkondo wa umeme.

Sasa ammita haipimi mpaka umeme upite ndani yake. Nikachomoa waya wa kwenda vyumbani niiunge katikati.

Kuchomoa tu, mama akapiga yowe: "Umemkatia pumzi baba yako!"

Baba! Tuliyemzika wote, mimi na wewe!

Nikaunga haraka. Mshale ukapanda. Mama akashusha pumzi: "Haya. Anapumua."

Nimefungua chumba cha marehemu. Mashine yake ya oksijeni inanguruma, barakoa imelazwa juu ya mto.

Dada kapiga kuuliza. Mimi, fundi mzima, nimemwambia mita ndiyo mbovu.