Nimeuosha Ubongo wa Gari la Marehemu Mke Wangu

Jumanne, tarehe 9 Mei

Mpendwa Shangazi Spana,

Naomba msaada, na kama utacheka, tafadhali cheka ukimaliza kusoma. Mimi ni fundi cherehani, mgane wa mwaka mmoja. Mke wangu alikuwa fundi umeme wa magari, wenzake gereji walimwita Madamu Waya, na ameniachia gari dogo jekundu alilolichokonoa mwenyewe mpaka likapata turbo, nozeli kubwa za petroli na mngurumo ambao majirani waliufanya saa ya kuamkia, na kwa kuwa kompyuta ya kiwandani ilishindwa kulimudu alilifungia boksi jingine, mafundi wanaliita ubongo, ndilo linaloamua petroli imwagwe kiasi gani na plagi zichome wakati gani.

Sasa Jumapili moja mwezi uliopita ulitimia mwaka tangu atutoke, nikataka kumfanyia jambo, nikafungua boneti, nikaona vumbi, nikachukua mpira wa maji na sabuni nikaiosha injini mpaka ikang'aa kama sufuria ya bi harusi, halafu nikawasha, ikasema "tk", na haijasema lingine mpaka leo.

Fundi aliyekuwa akifanya kazi naye akaja kulitazama. Akaniuliza, "Bosi, sabuni gani?" Nikamwambia ya vyombo. Akasema, "Basi ubongo umekufa msafi."

Akaniambia boksi kama lile halitengenezwi tena, itabidi nichague la aina nyingine, lakini kwanza akauliza, "Ramani yake unayo?" Nikasema ninayo, nikaenda nyumbani, nikafungua droo ya mke wangu, nikaitoa ramani, nikampelekea. Akaikunjua juu ya boneti akaitazama muda mrefu, mwisho akasema, "Bosi, hiki ni choo, na hili ni jiko." Ilikuwa ramani ya nyumba. Kumbe ramani wanayoitaka wao ni namba ambazo mke wangu aliziandika ndani ya boksi kwa kompyuta yake ya mkononi, hazipo kwenye karatasi, na hiyo kompyuta tulishaigawa pamoja na nguo. Gereji nzima ikacheka, nami nikacheka, kicheko kikageuka kilio, fundi akanipa tambara nijifute, nikarudi nyumbani na masharubu ya grisi.

Sasa kila mtu ana boksi lake. Shemeji, mdogo wake marehemu, anataka lile la mashindano lenye soketi nyingi kuliko watu wa ukoo wetu, anasema, "Shem, dada hakuwa mtu wa mambo madogo." Fundi anataka la kuchomeka kwenye soketi zilezile bila kukata waya. Mama mkwe anasema lirudishwe boksi la kiwandani liwe gari la binadamu, na akaongeza, "Mwanangu aliolewa na gari, wewe ulikuwa mshenga tu."

Lakini Shangazi, kinachoninyima raha ni hiki. Mimi hukanyaga mafuta kama ninavyokanyaga cherehani, tik tik tik, na gari lilikuwa likinizimikia kila makutano, watu wakinipigia honi. Siku moja mke wangu akakaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani, kalamu mdomoni, tukazunguka mtaa mara kumi na moja, akisema kanyaga, achia, kanyaga, mwisho akafunga kompyuta akasema, "Nimeuandikia mguu wako humo ndani." Tangu siku hiyo halikunizimikia tena. Nikifunga boksi jipya, maandishi hayo yanafutika, na mimi ndiye niliyeyamwagia maji. Nichague lipi?

Naomba unikumbuke.

Fundi Cherehani

SHANGAZI SPANA ANAJIBU

Fundi wangu, pole kwa msiba. Pole nimeshaitoa, sasa kaa nikugombeze.

Nani alikuambia injini ni sahani? Kola ya shati unaipiga pasi kwa adabu zote, halafu kompyuta unaielekezea mpira wa maji! Na nina hakika baada ya ile "tk" ulijaribu tena mara ishirini. Acha mara moja. Kila unapowasha unapeleka umeme kwenye bodi yenye maji, na hapo ndipo maandishi yanapochomwa kweli.

Boksi limezimika, hilo halina maana kwamba limesahau. Litoe kwenye gari, ulipeleke kwa fundi wa vifaa vya elektroniki, si wa magari, alifungue, asafishe kutu, ajaribu kuzisoma namba. Mara nyingi kinachoungua ni sehemu ya kuendesha nozeli na plagi, na chipu ya kumbukumbu inabaki nzima. Sikuahidi. Nakwambia usizike kabla ya kupima.

Ila zikipatikana, usitegemee kuzimimina tu kwenye boksi la aina nyingine. Namba za boksi moja hazivaliki na jingine, zitahamishwa kwa mkono, moja moja, na kurekebishwa. Wewe unajua zaidi yangu: vipimo vya mteja ni vilevile, kitambaa kikibadilika unakata upya.

Kuhusu uchaguzi. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba boksi la kiwandani halizijui nozeli zile, litamwaga petroli ovyo na pistoni zitaungua. Shemeji muulize anashindana na nani. Wewe unakwenda kununua vifungo na uzi, soketi zote hizo zitakuwa nyumba za buibui. Fundi yuko sahihi, chukua la kuchomeka, kwa sharti moja: awe amewahi kuliseti la aina hiyo kwenye gari jingine, na hilo gari ulione likitembea. Boksi ambalo hakuna mtu karibu nawe anayejua kuliandika ni tofali lenye waya.

Sasa la moyoni. Unadhani mkeo alikuachia ramani iliyokamilika. Muulize yule fundi mwenzake, atakwambia alikuwa akiifungua kila wiki, anafuta hapa, anaongeza pale, kazi yake ya jana ikimkera. Angekuwepo leo angeshaibadilisha mara hamsini. Wewe unaitunza kama msahafu, mwenyewe aliifanya daftari la mazoezi.

Kwa hiyo kesho asubuhi boksi liende likasomwe. Likisomeka, namba zihifadhiwe mahali pawili. Lisiposomeka, lia, halafu nunua jipya hivyohivyo. Siku ya kuliseti usikubali fundi akae kwenye usukani. Kaa wewe, yeye akae pembeni aandike, hata mkizunguka mtaa mpaka watoto wachoke kuwapungia mikono. Na mtu akikuuliza gari hili kalitengeneza nani, mjibu: mke wangu alianza, bado tunaendelea.