Herufi Zilizosimama

Marui, Kisarawe
12 Januari 2025

Mwanangu mpendwa Redempta,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, wateja wako, na hiyo mashine yako inayokata mbao kwa mwanga, ambayo shangazi yako Efrazia bado anasali isije ikakuunguza. Sisi tu wazima. Mihogo imeshika vizuri na paa la jikoni limeacha kuvuja. Nimetanguliza yaliyo mazuri kwa sababu linalofuata halifurahishi, na unajua kwamba kwangu simu ni ya salamu. Jambo zito huliandika.

Daktari wa macho amenieleza bila kuzunguka. Presha ya macho imekula sehemu kubwa ya kuona kwangu, na iliyoliwa hairudi. Matone aliyonipa yatalinda kilichosalia. Watu nawaona kama vivuli vyenye sauti. Njia ya kanisani naijua kwa miguu. Lakini kitabu sasa ni ukurasa wa moshi, na hata barua hii naiandika kwa kuweka rula chini ya kila mstari, nikijua wazi kwamba mistari inateremka.

Tangu nilipostaafu ualimu, kila Ijumaa ya Kwaresima naongoza Njia ya Msalaba katika kigango chetu, kwa tafakari nilizoziandika mwenyewe. Zote ninazo kichwani. Kinachonitoroka ni mwanzo. Nikisimama mbele ya kituo, tafakari zote kumi na nne huja mlangoni kwa pamoja na kusukumana. Nikipata maneno mawili ya kwanza, yaliyobaki hufuata yenyewe. Halmashauri ya kigango, kwa upole mwingi, imependekeza Mwalimu Deus asome badala yangu. Nimewaomba wasubiri.

Nitengenezee basi vibao kumi na vinne, kila kimoja na maneno yake ya mwanzo, kwa herufi kubwa ambazo kidole kinaweza kuzisoma. Nukta za wasioona sikujifunza, na Kwaresima haitanisubiri nijifunze. Mbao anazo Hashiru, atakuletea atakapopeleka mananasi soko la Mailimoja. Ni plaiwudi nyembamba iliyobaki tulipopiga dari ya kanisa, na waumini wanatamani vibao vitoke humo humo.

Baba yako,
Anselmi


Pangani, Kibaha
25 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu nisome barua yako moyo haujatulia. Mistari ilikuwa inateremka kweli, Baba. Niliinamisha kichwa nikaifuata hadi chini.

Mbao zimefika. Naomba nikuulize jambo bila kumlaumu mtu: zilikaa wapi? Zimejikunja kama maganda ya muhogo juani, na nilipozifungua karakana yote ilinuka moshi wa kuni. Mwale wa leza hukata vizuri pale tu lenzi inapokuwa na umbali ule ule kutoka juu ya ubao, mwanzo hadi mwisho. Ubao ukipinda, sehemu moja inakatika, sehemu ya pili inaungua tu. Masizi yaliyoingia ndani ya mbao nayo yanashika moto haraka. Nilipunguza nguvu, kina kikawa kidogo. Nikapunguza mwendo, kingo zikawa mkaa. Nimekutumia kibao cha kwanza jinsi kilivyo, kwa kuwa ulinifundisha kutoficha kazi mbaya. Nimechimba herufi ndani ya ubao.

Sasa naomba uniruhusu niseme kama binti. Miaka hii yote umewahudumia watu wa Marui. Mwalimu Deus ni mtu mwema, sauti yake inasikika, na hakuna atakayekuona umeshindwa. Mwachie asome. Njoo ukae nami huku Pangani wewe na Shangazi; nyumba ina chumba, hospitali iko karibu, na jioni nitakusomea chochote unachotaka. Kuna kupumzika pia, Baba.

Binti yako,
Redempta


Marui, Kisarawe
20 Februari 2025

Mwanangu Redempta,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mwandiko ni wa shangazi yako; maneno ni yangu, isipokuwa pale atakapoingilia, na ataingilia.

Nimechelewa kujibu. Usitafute sababu kwenye barabara wala kwa Hashiru. Nilimwagiza Efrazia aisome barua yako mara moja, nikamwambia aiweke. 

Nyumba yako naishukuru. Chumba nakiamini. Lakini umeniahidi kunisomea chochote ninachotaka, na mimi ninachotaka ni kusoma. Nilisimama mbele ya darasa tangu ujana wangu. Watu wa hapa wanaposikia tafakari ya kituo cha tano, yule mama aliyemzika mwanawe mwaka juzi hulia, kisha huja kunishika mkono. Deus anaweza kuisoma, tena bila kukosea. Mimi nikikaa kwenye benchi kusikiliza maneno yangu yakipita kinywani mwa mwingine, nitakuwa nimezikwa kabla ya wakati, na nitakuwa nimehudhuria.

Kuhusu kibao: vidole vyangu vilitoka vyeusi, na nikamshika Efrazia bega akiwa na gauni lake la Jumapili.

(Gauni jeupe, mwanangu. Na mbao nilizitunza mimi. Niliziweka uchanjani juu ya jiko ili wadudu dumuzi wasizitoboe, kama marehemu bibi yako alivyohifadhi kila ubao wa nyumba hii. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanga una tabia ya kuchagua. Shangazi.)

Zaidi ya masizi, sikusoma kitu. Kidole kinapita juu ya herufi zilizochimbwa kama mtu anayetembea juu ya nyufa: anajua zipo, hajui zinasema nini.

Kwaresima inaanza tarehe tano. Ikiwa kazi hii haiwezekani, niambie haiwezekani. Usiniambie nipumzike.

Baba yako,
Anselmi


Pangani, Kibaha
1 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo na Shangazi. Nitamletea gauni jingine. Mimi ni mzima, na barua yako imeniweka mahali pangu. Neno la kupumzika nimelifuta.

Nimeanza upya. Ubao mzima uliopinda haunyooki kwa kubembelezwa, kwa hiyo nimeukata vipande vyenye ukubwa wa kitabu, maana kipande kidogo hubeba sehemu ndogo tu ya ule mpindo. Upande uliobonyea nimeupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha nikavilaza vyote chini ya matofali. Masizi ya juu nimeyatoa kwa msasa laini. Halafu nikabandika pande zote mbili ile karatasi ya gundi ambayo mafundi rangi huweka kwenye vioo vya madirisha, ili moshi wa leza ulale juu ya karatasi badala ya mbao. Pampu ndogo inapuliza hewa pale pale mwale unapogusa. Na badala ya kupita mara moja polepole, ninapita haraka, narudia, narudia tena. Ukibandua karatasi, ubao uko mweupe kama ulivyozaliwa.

Nimekutumia kibao cha kituo cha tano ili ukijaribu. Kwa kuwa herufi za kuchimba hazikusema kitu, safari hii nimezitoboa kabisa, zimeanguka, zimeacha matundu yenye kingo safi. Herufi moja, ile N, ilikataa kutoka. Hapo ubao bado umepinda kidogo na ndani yake kuna baka la gundi ya kiwandani lisilopitisha mwale. Nilikuwa naisukuma kwa kidole Hashiru alipoanza kupiga honi na kelele: "Dada Dempta, mananasi hayajui kusubiri!" Naomba uvumilie kasoro hiyo.

Binti yako,
Redempta


Marui, Kisarawe
9 Machi 2025

Mwanangu Redempta,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua imeanza, shangazi yako anakohoa kidogo, na mimi nina habari mbili.

Ya kwanza ni ya Ijumaa. Deus alisoma. Nilikaa benchi la mbele. Alisoma vizuri, isipokuwa mwandiko wangu ulimkwamisha kwenye kituo cha tatu na cha tisa, na kila alipokwama watu waligeuka kuniangalia. Efrazia ndiye aliyeniambia, mimi nilisikia tu mchakacho wa madaftari ya nyimbo. Baadaye Deus alinifuata nje.

"Mzee, mimi nimeyaazima tu haya maneno," akasema. "Yananibana kama kiatu cha mtu."

Nilimwambia kiatu kikibana ni cha ngozi nzuri. Tulicheka wote wawili, kisha nikarudi nyumbani nikalala mchana kutwa.

(Hakula. Shangazi.)

Ya pili ni ya jana. Kibao chako ni kisafi. Nimekipitisha kwenye shavu na hakikunikwaruza. Lakini matundu, mwanangu, hayanisaidii. Kidole kinatumbukia, kikitoka hakikumbuki kilikotoka. Nilikuwa nimeshakata tamaa nakirudisha mezani ndipo kidole gumba kikajikwaa. Ile N yako iliyokataa. Ulipoisukuma ilitokeza upande wa pili, ikasimama nusu juu ya ubao. Nikaizunguka: mguu, mteremko, mguu. Nikaitamka kwa sauti. Efrazia alikuwa jikoni, akauliza, "Nani?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu. Nimesoma."

Sijui fundi anaweza kufanya nini na habari hiyo. Mimi nilikuwa mwalimu tu. Lakini najua kwamba katika kibao kizima, herufi moja iliyoharibika ndiyo pekee iliyozungumza nami.

Baba yako,
Anselmi


Pangani, Kibaha
5 Aprili 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa ukimya. Mikono ilikuwa kazini kila nilipotaka kuandika.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwenye boksi la mabaki. Zilikuwamo humo, Baba. Herufi zote zilizoanguka kutoka kituo cha tano, nilizokuwa nikiwashia jiko la mkaa. Nilitengeneza matundu kwa uangalifu mkubwa na kutupa maandishi.

Kwanza nilifikiri kuchoma ubao wote unaozunguka herufi ili zenyewe zibaki juu. Nilijaribu kwenye neno moja: mashine ilichukua nusu siku na masizi yakarudi. Nikaacha. Sasa nakata kila herufi peke yake, naibandua karatasi, nazungusha msasa pembeni hadi ukali uishe, napangusa kwa spiriti, kisha naigandisha juu ya kibao kizima kwa gundi ya mbao. Herufi imesimama kwa unene wake wote. Nilifumba macho nikasoma kituo cha kwanza. Cha pili kilinishinda kwa sababu nilizibananisha. Nimekirudia chote, nikaacha kati ya herufi nafasi ya upana wa kidole changu, halafu nikakumbuka kwamba kidole chako ni kinene kuliko changu, nikakirudia tena.

Vibao vyote kumi na vinne vimo kwenye kasha, vimepangwa. Kila kimoja nimekikata kona ya juu kulia, ili mkono ujue upande bila kuuliza. Kuna mfuko mdogo pia: nimezidisha herufi, alfabeti kadhaa, pamoja na kibao kitupu na chupa ya gundi. Sikuwa na mpango nazo. Ubao ulibaki, na sikutaka kutupa kitu tena.

Ijumaa Kuu sitakuwapo. Parokia imenipa kuimba Mateso, na wimbo huo ulinifundisha wewe, hivyo sikuona pa kukataa. Nitakuwa naimba nikijua uko kituo gani.

Binti yako,
Redempta


Marui, Kisarawe
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Redempta mwanangu,

Amefufuka kweli. Mimi ni mzima, kikohozi kimeondoka. Anayekuandikia leo ni mimi, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa sababu kaka amekataa kuniambia nikuandikie nini.

Ijumaa watu walijaa hadi nje. Deus alibeba kasha. Hakuna aliyemwomba, alilichukua tu mezani akasimama kushoto kwa baba yako. Kila kituo alimpa kibao, akapokea cha nyuma. Baba yako alikishika kifuani, vidole vikatembea, kisha akainua uso na kusema tafakari nzima bila kuinamisha kichwa. Zamani alikuwa anatusomea, mwanangu. Juzi alituambia.

Sitakuficha kwamba kituo cha tisa alinyamaza. Vidole vilikwenda vikarudi, vikaenda tena. Nilitaka kupiga kelele nimtajie neno. Nikajiziba mdomo kwa kanga. Kanisa zima likasubiri, hata watoto, mvua tu ndiyo iliyosikika juu ya bati. Kisha akalipata.

Na cha tano, pale Simoni anapobebeshwa msalaba wa Yesu, kinaanza jinsi unavyojua, "Simoni hakuulizwa." Lakini alipofika mwisho aliongeza sentensi ambayo haimo katika karatasi zake. Akasema, "Na huyu aliye kushoto kwangu hakuulizwa." Deus akashindwa kupokea kibao, ikabidi nikichukue mimi.

Tangu jana mchana baba yako amejifungia na ule mfuko wako. Nilipogonga alisema, "Efrazia, naandika." Gundi iko kwenye meza, kwenye shati, na kwenye kitasa cha mlango. Leo baada ya misa amenikabidhi kibao kilichofungwa kwa gazeti nikutumie, akaniagiza nisikifungue. Nimekifungua. Herufi zinapanda na kushuka kama kuku barabarani, na sijasahihisha hata moja.

Shangazi yako,
Efrazia


REDEMPTA
NIMEUPATA MWANZO
BABA