Mashua Isiyo na Sauti

Jumanne, 5 Mei 1998

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: mwaka juzi, kwenye bustani ya michezo pale ufukweni, nilijifanya simjui baba yangu. Alipanda peke yake ile mashua inayoporomoka kwenye mteremko wa maji. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Uongo. Niliogopa. Tena niliona haya, maana alikuwa anatangaza kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kila kilichompata, kama alivyokuwa akitafsiri sinema kwenye banda la video kule Temeke, kabla hatujahamia nchi hii. Akanipungia kofia. Nikatazama kando.

Sasa ana miezi saba kaburini.

Nimerudisha vitabu maktaba. Hesabu sijamaliza.

Alhamisi, 7 Mei

Papa Mbuyi, kinyozi Mkongo wa chini ya fleti yetu, amenunua projekta na mikanda ya kale kwenye nyumba moja mtaa wa Westville. Akanionyesha mkanda mmoja ukutani. Watu wa zamani sana, kofia na magauni marefu, wamejazana kwenye mashua bapa. Inateremka. Inapiga maji, inaruka, inaruka tena. Wanacheka vinywa wazi na husikii kitu. Mwisho mzee mmoja anavua kofia na kutupungia.

Nilitoka nje. Nikasingizia vumbi machoni.

Ijumaa, 8 Mei

Kesho mchana Papa Mbuyi atawaonyesha watoto wa jengo mkanda ule. "Picha iko, sauti haiko," aliniambia. "Baba yako angeongea. Basi ni wewe."

Nikasema siwezi.

"Eish! Mutoto ya msimulizi anaogopa ukuta!"

Wateja wakacheka. Mama, aliyekuja kuniita, hakucheka. Alisema tangu Baba afe nyumba yetu imekuwa bubu.

Naichukia sauti yangu. Nimeandika kurasa nne za kusoma.

Jumamosi, 9 Mei

Mjinga mimi. Nilisahau kwamba sinema inataka giza. Papa Mbuyi alifunga mapazia, akazima taa, na kurasa zangu nne zikapotea mkononi. Sikuona hata herufi.

Watoto wakaanza: "Sauti! Sauti!"

Halafu ikanitoka, sijui kutoka wapi: "Shikeni kofia zenu, ndugu watazamaji, chombo hiki hakina breki!" Wakapiga mayowe. Nikaendelea. Yalikuwa maneno ya Baba, yote.

Mwisho yule mzee akavua kofia, akatupungia.

"Dada, anampungia nani?" akauliza mtoto mmoja.

"Binti yake. Yuko huku kwetu, anaogopa maji."

"Mwambie apande, bwana!"

Walitaka irudiwe. Tukairudia mara tatu.

Jumapili, 10 Mei

Upepo kidogo. Nilimwomba Mama tutembee hadi ufukweni. Nilikata tiketi moja ya ile mashua ya Baba, nikakaa kiti cha mbele. Mashua ilipoanza kuteremka nilitangaza kila kitu, kwa Kiswahili, kwa sauti. Watu waligeuka. Chini, Mama alikuwa amesimama kwenye uzio. Nilimpungia. Akavua mtandio, akanipungia.

Tulinunua chipsi, tukarudi kwa miguu. Viatu vililowa. Nimevianika dirishani, nikamaliza hesabu.