Msikilizaji wa Kengele

12 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo huko juu? Kifua kimetulia? Na magoti, bado yanalalamika ukipanda ngazi za mnara? Mimi mzima, ila nina hasira na wewe, kwa hiyo salamu zangu leo ni fupi.

Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Kila Jumapili napiga, hupokei. Siku moja ulipokea, ukasema "Haloo! Haloo!" kama mtu anayefukuza kuku, halafu ukakata. Nimekukosea nini? Kutwa nzima kazi yangu ni kupokea simu za watu nisiowajua, wananifokea kwa sababu maji yamekatika mtaani kwao. Halafu ninayetamani kumsikia ndiye hataki kuongea nami!

Najua huu ni wakati wa maua ya mipichi. Chumba chetu cha kazi hakina dirisha hata la kusingizia. Tumekaa safu kwa safu na hedfoni masikioni, na misimu yetu ni miwili tu: kiyoyozi kimewashwa, na kiyoyozi kimeharibika. Jana jirani yangu alimenya pichi, yale ya dukani yasiyo na harufu, nikajikuta machozi yananilenga mbele za watu. Kama simu imekushinda, niandikie basi. Niambie mipichi ya nyuma ya mnara imefikia wapi.

Binti yako

30 Agosti

Mwanangu Sikio,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti nayo hayajambo kwa kiasi chao, na mbuzi wa jirani wanakusalimu. Wamekula shati langu la buluu. Hasira zako nimezipokea kwa mikono miwili. Simu imeharibika, mama. Na mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Barua ni bora. Tarishi anapata sababu ya kupanda, na mimi napata mtu wa kumpikia chai.

Mipichi imechanua yote. Mwaka jana hukuiona, mwaka juzi hukuiona, kwa hiyo kaa vizuri nikusimulie. Nyuma ya mnara huoni jani, ni rangi ya waridi tupu mpaka kwenye ukuta wa mawe. Ukisimama kwenye dirisha la kengele nyuki wanakupita usoni bila hata hodi. Asubuhi baridi inang'ata, lakini jua likishapanda maua yananukia mpaka unasahau ulichokuwa umekasirikia.

Wageni wamekuja na kamera zao. Nawaonyesha mawe ambayo babu zetu waliyabeba mgongoni kutoka mtoni, na ngazi zilizolika katikati kwa miguu yetu. Wanauliza kengele ni ya nini. Nawaambia ni ya kuwarudisha watu nyumbani ukungu ukishuka. Mmoja anavuta kamba, mwingine anakaa kwenye kigoda nyuma yake na kusikiliza. Aliyeko mlimani anafuata kengele, na akifika kona ya mawe anatoa mlio wake: mama wa mbuzi anapiga mluzi, mrina asali anagonga debe, tarishi na kengele ya baiskeli anayoisukuma. Msikilizaji akisikia, anamgusa mpigaji begani. Wote wakishafika, kamba inaachwa.

Mmoja akaniuliza, na msikilizaji wako yuko wapi? Nikamwambia wa kwanza alikuwa mke wangu, Mungu amrehemu. Wa pili alikuwa binti yangu, alikuwa akinigusa mara mbili harakaharaka kama kuku anayedonoa. Sasa yuko mjini, anasikiliza maji.

Baba yako

20 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini umepata shati jingine. Ahsante kwa maua. Barua nimeisomea chooni kazini mpaka msimamizi akaja kugonga mlango.

Lakini simu yako haijaharibika. Jumamosi nilimpigia fundi cherehani, nikamwomba akuletee simu yake nyumbani. Nilisikia kila kitu, Baba. Nilisikia mlango wako unavyolia. Nilisikia mbuzi. Nikamsikia fundi akikwambia, "Ni binti yako, ongea naye!" Nikakuita. Nilipaza sauti mpaka ninaoishi nao wakatoka vyumbani kuuliza nani amekufa. "Baba, ni mimi! Baba!" Na wewe ukamwambia fundi, "Humu hamna mtu."

Kazi yangu ni masikio. Najua tofauti ya mtu asiyetaka kusikia na mtu asiyesikia. Tangu lini? Mbona umenificha, kwani mimi ni wa jirani? Nakuja Desemba, mapichi yakiiva. Kabla ya hapo niandikie ukweli, usinivunge.

Binti yako

11 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Haya, umenikamata.

Masikio hayakuondoka siku moja. Yaliaga kidogokidogo. Kwanza sikuwasikia mbayuwayu, nikasema mwaka huu wamechelewa. Halafu mvua juu ya bati. Halafu redio, nikailaumu betri, nikaenda kununua nyingine. Kengele yenyewe sasa naisikia kwa miguu, ule mtetemo wa sakafu, na maneno ya watu nayasoma midomoni mwao. Nilidhani sauti yako itabaki, nikajipa moyo kwamba hiyo haiwezi kuondoka. Siku ile ya "Haloo" ndiyo niligundua. Nilikata simu, nikakaa jikoni mpaka moto ukazimika.

Kuna jambo baya zaidi. Msimu uliopita nilikuwa peke yangu mnarani. Nikategemea macho, na ukungu unajua ulivyo, hata mkono wako huuoni. Nikadhani wote wamefika, nikaacha kamba. Kumbe mrina asali alikuwa bado juu. Kengele ilipokatika akapoteza njia. Aligonga debe lake mpaka likabonyea, hakuna aliyejibu, akajibanza kwenye mwamba hadi ukungu ulipoinuka. Alirudi anatetemeka, midomo myeupe. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Heri angenitukana.

Kikao cha kijiji kimekaa. Mwenyekiti amesema kama hatapatikana msikilizaji kabla ya msimu wa ukungu, mnara utatiwa kufuli, na king'ora kitafungwa juu ya bati la ofisi. Simlaumu, watu si wa kuchezewa. Lakini king'ora kinapiga kelele tu, mwanangu. Hakijui nani hajafika.

Fundi cherehani amejitolea. Masikio anayo, tatizo ni mdomo wake, hauna breki. Tulipofanya majaribio, mama wa mbuzi alipiga mluzi hadi mapafu yakamwisha, na fundi bado ananisimulia habari za suruali ya mwalimu, mimi nisiyesikia!

Nakuhitaji uje. Sikutaka kuliandika hilo. Basi, nimeliandika.

Baba yako

16 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijui hata nianze wapi. Desemba imepita, na wewe hukuandika, na nakujua: ulikuwa unakwenda kituoni kila basi la mchana likifika. Fundi aliniambia. Alisema ulivaa koti lile zuri.

Walinipandisha cheo. Sasa mimi ndiye msimamizi, ndiye ninayegonga mlango wa choo. Likizo ikaahirishwa, wakasema baada ya sikukuu, halafu wakasema baada ya hesabu za mwaka. Ningeweza kugoma, sikugoma. Ukweli ni kwamba naogopa, Baba. Naogopa nikija sitaweza kurudi huku. Na nikirudi nitakuwa nimekuacha mara ya pili, nawe safari hii hutasikia hata hatua zangu zikiondoka.

Mapichi yameisha yote? Uliyachuma na nani? Kuna wakati hapa naona fungu la mapichi sokoni, natafuta njia nyingine ya kupita. Natamani baridi ile ya asubuhi, natamani kukoroma kwako nyuma ya ukuta, natamani hata mbuzi wale wezi. Mwombe mwenyekiti anisubiri kidogo.

Binti yako

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya cheo. Nimewatangazia watu wote, hata ambao hawakuuliza.

Tarishi anakuletea kiboksi. Ni mapichi niliyoyakausha juu ya bati. Nilichuma na mama wa mbuzi. Yeye alipanda mtini na mimi nikashika ngazi, kwa hiyo unaona uzee ulivyopinduka. Mengine yalianguka tukawaachia ndege. Hayakuharibika kwa sababu yako, usije ukaanza kulia kazini.

Sasa mlima umebadilika rangi, majani ya mipichi ni ya kijani kizito na mawingu yanakaa chini kila siku. Jumatatu ulishuka ukungu mdogo, kama wa kujaribu. Fundi alikaa kwenye kigoda, akajitahidi sana, aliuma kitambaa ili asiongee. Ila analalamika: watu wote wakishafika, mimi naendelea kuvuta kamba. Anasema nampotezea muda wa cherehani. Nina sababu zangu, nikamwambia ashone, asihoji.

Mwenyekiti atakuja mwenyewe kwenye ukungu mkubwa wa kwanza. Akiona mambo hayaendi, kufuli analo mfukoni. Usiharakishe kujibu. Kazi yako nayo ni ya watu.

Baba yako

Aprili, Jumapili, kwenye meza yako

Baba,

Shikamoo. Hii haina stempu. Naiweka chini ya kikombe chako, na wewe sasa hivi uko uani unapaka kamba nta, nakuona kupitia dirishani. Nimeamua kuandika kwa sababu haya ninayotaka kukwambia nikiyapigia kelele kijiji kizima kitajua, na fundi atayatia chumvi. Pia juzi ulikuwa umenipa mgongo. Hukuona upande wangu.

Basi lilinishusha chini mchana, ukungu tayari umefunika kila kitu. Nikaanza kupanda nikifuata kengele. Nilikuwa nimesahau inavyoingia kifuani. Nilipofika kona ya mawe nikaita mlio wangu ule wa utotoni: "Babaaa!" Kengele ikaendelea. Nikaita tena. Ikaendelea vilevile, polepole, kama unavyopiga siku zote. Nikasimama pale nikalia, kwa sababu ulikuwa unaniita kwa nguvu zako zote na mimi nakujibu, na hatukutani.

Nikapanda. Mlangoni nikagongana na fundi anatoka mbio: alikuwa amekumbuka pasi yake ya mkaa iko juu ya suruali ya mwalimu! Akanisukumia ndani bila hata salamu, akasema, "Kaa wewe, kaa wewe!"

Nikapanda ngazi zile, nikakaa kwenye kigoda cha Mama. Bado kinayumba mguu mmoja. Ulikuwa unavuta kamba, mabega yamekonda, Baba, hukuniandikia kwamba umekonda. Sikutaka kukushtua ukiwa kazini. Nikasikiliza. Mluzi wa mama wa mbuzi, nikakugusa begani. Debe la mrina asali, nikakugusa. Kengele ya baiskeli. Halafu mtu akapiga makofi kwenye kona, sikumjua, nikakugusa tu. Kumbe ndiye mwenyekiti anatupima. Ukasema bila kugeuka, "Leo fundi umezibuka masikio! Na mdomo umefungwa, pumzi zako hazinipigi kisogoni! Tutakuozesha."

Wote wakawa wamefika. Kona ikanyamaza kabisa. Nikakugusa kukuashiria uache. Ukaendelea kuvuta.

Nikakugusa tena. Ukasema, "Najua, fundi. Bado mmoja. Huyo hajibu, lakini lazima nimpigie."

Baba! Misimu yote ile nikiwa kule chumbani bila dirisha, kumbe nilikuwa nahesabiwa miongoni mwa walioko njiani.  Nikakugusa mara mbili, harakaharaka.

Kamba ikakuponyoka. Hukugeuka mara moja. Ulisimama ukitazama kengele inavyotulia, halafu ukaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, wewe unayeongea siku hizi kama uko sokoni: "Ndiye?"

Yaliyofuata unayajua, na tusiyaandike.

Mwenyekiti amesema kufuli litabaki mfukoni maadamu kile kigoda kina mtu. Kazini wameniuliza narudi lini, nikawajibu sirudi. Siku hiyohiyo wakamweka mwingine kwenye kiti changu, na hedfoni zangu kichwani. Vizuri, kile kiti kinapata mtu yeyote. Fundi ameanza kujifunza kunyamaza, nitamfundisha zaidi, ili siku nikiugua usibaki peke yako. Na Agosti nataka niwaone hao nyuki wasiopiga hodi.

Ukimaliza kusoma usiniandikie jibu, wala usimsumbue tarishi. Nipo jikoni.

Binti yako