Kabla Hujamzamisha Mama kwa Jina Moja

Kwako Gwandu, mdogo wangu uliyeko Balangdalalu,

Mama yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu moyo utakwenda kwake kwanza. Anakula kidogo, asubuhi kifua kinambana, na baridi ya Julai hapa Tlawi unaijua mwenyewe. Ninaandika kwa sababu simu zangu hupokei, na barua nimeiacha wazi ili hata waumini wako wakitaka kuisoma waisome. Sina la kuficha. Nina hofu tu, na ninayo tangu Jumapili ile ulipompigia.

Sijui kama unakumbuka ulivyomwambia. Nilikuwa pembeni namenya viazi, simu iko kwenye spika maana sikio lake la kulia limechoka. Ulimwamkia vizuri, ukaulizia mbuzi, halafu ukasema, "Mama, ubatizo wako siyo. Ulimwagiwa maji kwa majina matatu, na jina ni moja tu, Yesu. Ukifa hivyo mimi sitakuwa na la kukutetea." Ukaongeza kwamba Jumamosi ya mwisho ya Julai mtakuja, wewe na wenzako, mumpeleke kwenye lambo mkamzamishe upya. Mama akasema, "Haya baba." Basi. Viazi vya siku ile tuliwapa mbuzi.

Tangu hapo hajapokea komunyo. Wenzake wakipanga mstari yeye anabaki kwenye benchi, anaangalia mikono yake. Nyumbani tukikaa kula, mkono unapanda mpaka kwenye paji la uso, unasimama pale, kisha unashuka kwenye sahani bila kumaliza ishara ya msalaba. Ameifanya tangu akiwa msichana, Gwandu. Mimi nageukia jikoni nijifanye natafuta chumvi.

Nakubali kwamba mwanzoni nilikucheka. Wewe uliyekuwa ukifukuzwa kuzunguka zizi kwa sababu ya kuogopa kuoga, leo ndiye unayezamisha watu. Nilimsimulia mama hivyo ili atabasamu. Hakutabasamu, na hapo ndipo hofu ilipoingia kweli, kwa sababu nilitafuta cha kumjibu nikakikosa. Mimi, mtoto wa katekista. Kichwani nilikuwa na yale tuliyokariri tu: Mungu ni mmoja, nafsi zake tatu. Nikimwambia hivyo naye ananijibu, "Hata Gwandu alikariri hayo."

Unakumbuka siku yule kijana wa Maretadu aliyekuwa akijifunza kufundisha watoto alipoleta mafiga kanisani? Alitaka kutuonyesha Utatu: mawe matatu, chungu kimoja. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Rudisha jikoni. Hayo moja likivunjika mawili yanabaki, na Mungu hagawanyiki." Kijana akauliza, basi tuwafundisheje watoto? Baba akasema hajui mfano unaotosha, na kwamba anaogopa mtu mwenye mfano unaotosha. Sisi tulicheka kwa sababu kijana alibeba mawe kurudi nayo kwao. Siku hizi sicheki sana.

Nikipukuchua mahindi nimekuwa nikirudi kwenye mwaka ule alipokufa mdogo wetu Paskalina. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi. Alikuwa na wiki tatu. Mvua ilikata barabara, padri hakuweza kufika, baba akachota maji kwa kikombe cha bati akambatiza palepale kitandani kwa mama, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kesho yake akafariki.

Wanaosoma wasiotoka kwetu waelewe: zamani mtoto anayenyonya akifa, nyumba nzima iliingia kwenye meeta. Watu hawaji kwenu, nanyi hamwendi kwa watu. Ng'ombe wenu wanachungwa peke yao, maji mnachota wengine wakishamaliza, hata moto hakuna anayekuja kuomba. Baba alikuwa katekista na bado aliishika. Kuna waliomsema kanisani. Yeye alisema majirani wanaogopa kweli, na hawezi kupita milangoni mwao akijua anawatisha. Miezi ikapita hivyo. Rafiki yake mama alikuwa akisimama ng'ambo ya kijito, anapaza sauti, "Mmeamkaje huko?" kisha anaondoka haraka.

Katikati ya miezi hiyo ulikataa kula. Siku ya pili, uji umepoa mbele yako, ukamuuliza baba, "Mungu naye anakaa peke yake?"

Baba aliweka jembe chini. Akasema, "Hapana. Hajakaa peke yake hata siku moja. Kabla ya mlima, kabla ya ng'ombe, Baba alikuwa anampenda Mwana, na Mwana anampenda Baba, na upendo wao ni Roho, Mungu yuleyule mmoja. Haogopi kuja kwetu."

Ukauliza kama Paskalina yuko huko. Akakujibu, "Nimemkabidhi kwa majina yao yote." Ndipo ulipokunywa ule uji, Gwandu. Nilikuwepo. Ulimaliza wako ukadokoa na wangu.

Mimi nimeishia darasa la saba, wewe umesoma na una kipaza sauti. Lakini niambie. Kama hakuna Baba na hakuna Mwana, ni majina tu ya mmoja aliye peke yake, Yesu alipojitenga mlimani kusali alikuwa akiongea na nani? Pale msalabani alimlilia nani? Na kabla ya kuwepo mtu wa kumpenda, Mungu alimpenda nani? Nauliza kwa hofu, si kwa kiburi. Kama wewe ndiye uliye sahihi, basi sisi wanne tuliokaa ndani ya boma lile hatukuwa na mtu, na yule tuliyemwomba alikuwa mpweke kuliko sisi. Nikifika hapo naacha mahindi.

Nilidhani mama anaogopa kufa. Mimi nilichoogopa ni lambo: maji yale ya asubuhi, kifua kile, umri ule. Nilipanga kumficha kwa shangazi Jumamosi hiyo. Jana nilimkuta anaota jua ukutani nikamweleza mpango wangu. Akaniangalia kama mtu aliyechoshwa na mtoto.

"Maji siyaogopi," akasema. "Baridi itaniua mara moja tu. Ninayemwogopea ni Paskalina. Alibatizwa kama mimi nilivyobatizwa. Kama wangu siyo, na wake siyo. Mimi nina miguu, Gwandu atanishika mkono nitaingia. Yeye atamzamisha wapi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Miaka yote hii hajawahi kumtaja mbele yangu bila kusema "marehemu". Jana alisema Paskalina tu, kama aliyetumwa dukani akachelewa.

Kwa hiyo sitamficha. Ameniomba nimfulie lile gauni la bluu na nimfunge kifua vizuri. Atakuja na wewe mpaka ukingoni, ndivyo alivyosema, na kabla ya kuvua viatu atakuuliza swali hilo moja mbele ya wenzako wote. Ukimjibu ataingia majini. Wala hatabishana nawe; unajua hakuwahi kukubishia tangu uzaliwe, na hilo nalo linanitisha.

Njoo, mdogo wangu. Geti halitafungwa na chakula kitakuwepo kwa wote utakaokuja nao. Nimekaa nikijiambia kwamba labda utafika ukingoni, usikie swali, ukose la kusema, ukamrudishe mama nyumbani. Naliomba hilo kwa Baba, na kwa Mwana, na kwa Roho, kwa sauti ndogo, kwa sababu nami siku hizi natazama mkono wangu unapopanda.

Ila nimesikiliza mahubiri yako kwenye simu za watu. Hujawahi kukosa jibu. Nimekulea mgongoni, na sasa nalala na kuamka nikikuogopa: si kwamba swali la mama litakushinda, bali kwamba utalijibu pale pale, kwa sauti ile ile, huku umemshika mkono.

Nakusalimu kwa upendo ule ule, na kwa hofu hii mpya,

Dada yako