Swali Nililoongeza kwenye Programu Yako

Kaka Lazaro,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu wanaamkiana, ila ulinifundisha kazi, siwezi kuanza bila salamu.

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike Olasiti. Hadi juzi sikuwa nimelia. Nafika ofisini Levolosi, namimina chai vikombe viwili, nakunywa changu, chako kinapoa. Meza yako wamenipa mimi. Nimekaa tu.

Pamoja na meza nimerithi programu ya chanjo, ile ya vikompyuta vya kiganjani wanavyotembea navyo mabwana mifugo. Unakumbuka uliponifundisha kuipanga kwa klasi? Ulichora kwenye gazeti lililofungiwa maandazi: Mnyama juu, chini yake Ng'ombe, Mbuzi na Kondoo, kila mmoja anarithi kwa Mnyama kisha anaongeza ya kwake. Ukasema, "Anna, kila ng'ombe ana rangi yake na jina lake. Usimfanye namba." Mimi Mchaga niliyekulia dukani nikaona ni mbwembwe za fundi.

Basi nimekuharibia. Nilifungua ukurasa wa kwanza, sikuona mahali pa kuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi. Nikadhani ulisahau kwa sababu ya kuumwa. Nikaongeza swali, tena nikalifanya la lazima: bila idadi, programu haiendelei. Nikajisifu.

Wiki iliyopita nikaipeleka mwenyewe kwa wafugaji, magharibi ya Meru. Nikamwamkia mzee mmoja, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akanigeuzia mgongo. Kisha akaanza kuwaswaga ng'ombe wake kurudi zizini, hata mmoja hajachanjwa. Bwana mifugo niliyefuatana naye akanivuta pembeni, akaniambia huku mtu hahesabu mifugo yake kwa mdomo, ni kuitakia mabaya. Kumbe hukusahau. Uliwaacha wafugaji wawataje ng'ombe mmoja mmoja, programu ikajihesabia kimya kimya, na wewe mtoto wa Kiarusha hukuona haja ya kunieleza. Nilikukasirikia, kaka. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nimehisi tangu uondoke.

Nikarudi ofisini, nikalifuta swali. Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Mzee akakitazama kile kifaa, akasema, "Aliyekutangulia alitujua." Akaanza kutaja: mweupe wa shingo, yule wa pembe moja, mama wa yule mwekundu. Nikaandika mpaka kidole kikauma. Wote walichanjwa.

Jana bosi aliniuliza kwenye programu hii tumebaki wangapi. Jibu lilikuwa mmoja, nikashindwa kulitoa. Nikamwambia, "Lazaro na Anna." Hakuuliza tena. Nikaenda kusimama nyuma ya ofisi, na machozi yakaja.

Lala salama, kaka. Maadamu niko kwenye meza hii, swali lile halirudi, na atakayekuja kujifunza kwangu nitamweleza sababu.

Leo chai yako nimeinywa mimi.

Anna